Dakika Moja ya Siki: Kolposkopia Inavyofanywa na Pale Inapokosewa

Mwanamke akiambiwa kwamba kipimo chake cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, kimetoka chanya, au kwamba seli zake za Pap smia, zile zilizochukuliwa kwenye shingo ya kizazi, zina kasoro, mara nyingi hatua inayofuata ni kolposkopia, yaani kuitazama shingo ya kizazi kwa darubini. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe. Hakuna dawa ya usingizi, hakuna kulazwa. Darubini haimgusi kabisa: inakaa nje, yapata sentimita 30 kutoka kwenye shingo ya kizazi, na kinachoingia ukeni ni spekula, kifaa cha kufungulia uke, ileile aliyokwisha kuizoea. Dakika 10 hadi 20, amemaliza.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi, na baadhi ya wanaoifanya kazi hii hulisahau. Kolposkopia haitoi jibu la ndiyo au hapana. Ni namna ya kutazama, na kazi yake kubwa ni kumwonyesha mtazamaji mahali pa kunyofoa kipande. Jibu hutoka maabara. Ukinyofoa pasipo penyewe, maabara itakuandikia kwa ukweli mtupu kwamba kipande hicho hakina tatizo, na mama ataenda nyumbani na ugonjwa wake uliobaki sentimita moja pembeni. Kwa hiyo makosa mengi ya kolposkopia hayapigi kelele. Yanaonekana kama habari njema.

Darubini hii ilibuniwa na Hans Hinselmann, daktari wa Ujerumani, mjini Hamburg katikati ya miaka ya 1920. Aliamini kwamba saratani ya shingo ya kizazi huanza ikiwa ndogo mno kwa macho matupu, akategemea kwamba lenzi zitamwonyesha vinundu. Alichokuta zaidi ni mabaka meupe na mishipa ya damu iliyojipanga kwa namna isiyo ya kawaida. Mwishoni mwa muongo uleule, Walter Schiller wa Vienna alieleza kipimo cha kupaka iodini. Asidi ya siki nayo ikaingia baadaye kidogo. Leo kuna kamera na skrini, lakini zana zenyewe ni zilezile tatu: lenzi, siki, iodini.

Kabla ya lenzi, lazima mtu aielewe ngozi anayoitazama. Shingo ya kizazi ina tando mbili. Ya nje, inayoelekea ukeni, ni ya seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Ni laini, ya waridi iliyopauka. Ya ndani ya mfereji unaoelekea kwenye kizazi ni safu moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute, nyembamba kiasi kwamba damu iliyo chini inaonekana, ndiyo maana huwa nyekundu na yenye vijinundu kama zabibu ndogondogo. Wekundu huo ukijitokeza nje, hasa kwa wasichana, wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, wengi huambiwa wana kidonda. Si kidonda. Ni utando wa ndani uliochungulia nje, na wanawake wasiohesabika wamepewa dawa za kutibu kitu kisicho ugonjwa.

Tando hizo zinapokutana ndipo penye mpaka, na mpaka huo hautulii mahali pamoja. Utando wa ndani ukijitokeza kwenye asidi ya uke, polepole hugeuka kuwa wa seli bapa, na mpaka unarudi kuelekea kwenye tundu la mfereji. Eneo lote lililogeuka, kati ya mpaka wa zamani na mpaka mpya, huitwa eneo la mabadiliko. Saratani nyingi mno za shingo ya kizazi huanzia hapo, kwa sababu HPV hupata nafasi kwenye seli zinazogeuka. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinahusika na takribani asilimia 70 ya saratani hizi duniani.

Swali la kwanza la kolposkopia, basi, linatangulia hata lile la weupe unaoletwa na siki: je, mpaka mpya unaonekana mzunguko mzima? Kwa majina yaliyokubaliwa na shirikisho la kimataifa la kolposkopia mwaka 2011, eneo la mabadiliko likiwa lote nje ni aina ya 1. Likiwa limeingia kwenye mfereji lakini bado laonekana lote ni aina ya 2. Likiwa limezama hadi sehemu yake haionekani ni aina ya 3. Baada ya kukoma hedhi, aina ya 3 ni jambo la kila siku. Na hapo ndipo sentensi moja ya ripoti inapoweza kudanganya: "Hakuna kasoro iliyoonekana." Kama mpaka haukuonekana, sentensi hiyo inahusu macho ya mtazamaji, haihusu shingo ya kizazi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kulala kitandani, mama aulizwe tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kama ana mimba, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ana mzio wa iodini, na hali yake ya VVU. Hili la mwisho ni la msingi: anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani hii mara 6 zaidi ya asiye na virusi, na mabaka yake mara nyingi huwa makubwa, yametapakaa, na hurudi baada ya tiba. Siku moja au mbili kabla, asitumie dawa za kuweka ukeni, asijioshe ndani, asifanye tendo la ndoa. Hedhi nzito ni sababu ya kuahirisha. Mimba siyo.

Spekula ichaguliwe kubwa kadiri mama anavyoweza kuivumilia bila maumivu, ilowanishwe kwa maji ya uvuguvugu, ifunguliwe taratibu. Ndogo mno ni kosa la huruma: kuta za uke zinaangukia katikati, na unatazama nusu ya shingo. Kuta zikilegea hata hivyo, kondomu iliyokatwa ncha huvalishwa kwenye spekula na kuzizuia kama soksi. Ni mbinu rahisi, nayo huokoa uchunguzi mwingi uliotaka kuahirishwa.

Kwanza ute unasafishwa kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi. Uguse, usisugue, ukisugua damu itatoka na utaitazama damu dakika zote zinazobaki. Kisha tazama kwa ukuzaji mdogo, mara 4 hadi 6, uone sura nzima. Panda hadi mara 15 kwa mishipa, na hapo weka kichujio cha kijani. Kichujio hiki hunyonya mwanga mwekundu, kwa hiyo mishipa ya damu inageuka myeusi na kusimama wazi kama kalamu ya wino kwenye karatasi. Wengi hukiruka kituo hiki ili wafike haraka kwenye siki. Tatizo ni kwamba siki huvimbisha utando na kuificha mishipa. Usipoitazama mapema, hutaiona tena vizuri.

Siki yenyewe ni asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Ya asilimia 5 hutengenezwa kwa mililita 5 za asidi isiyochanganywa na mililita 95 za maji yaliyosafishwa. Hapa umakini wote unahitajika, kwa maana asidi isiyochanganywa huunguza utando vibaya mno. Chupa ya asidi kali haina sababu ya kukaa kwenye chumba cha uchunguzi. Iliyochanganywa iandikwe kiwango na tarehe, na chupa isiyo na maandishi imwagwe bila mjadala. Dawa iliyopungua nguvu nayo ina hatari yake: baka halitoki, na hakuna atakayejua kwamba lilistahili kutoka.

Pamba kubwa iliyoloa inashikizwa kwenye shingo ya kizazi, kisha unasubiri dakika moja. Dakika nzima, kwa saa ya ukutani. Sekunde 15 si dakika, hata kama foleni nje ni ndefu. Asidi hugandisha kwa muda protini zilizo ndani ya seli. Seli ya kawaida ina kiini kidogo na protini chache, hivyo mwanga unapita na kuleta rangi ya waridi kutoka chini. Seli yenye kasoro ina kiini kikubwa na seli zenyewe zimebanana. Mwanga unarudishwa, nawe unaona weupe. Dakika mbili au tatu baadaye weupe unaanza kufifia, ndiyo maana siki hupakwa tena na tena wakati wa uchunguzi. Na mwendo wa weupe ni ushahidi wenyewe: baka baya huja haraka na kuchelewa kuondoka, baka hafifu huja polepole na kupotea upesi. Mtu anayepaka na kutazama mara moja tu amejinyima ushahidi huo.

Weupe peke yake haumaanishi saratani. Utando unaogeuka kwa kawaida huwa mweupe. Uvimbe wa maambukizi huwa mweupe. Mtazamaji anasoma namna ya weupe. Ule mwepesi unafanana na ukungu juu ya kioo: waridi bado inapenya, kingo zimechongoka ovyo kama ramani ya kisiwa. Ule mzito unafanana na ukuta uliopakwa chokaa mara mbili, haupitishi kitu, na kingo zake zimenyooka kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Wakati mwingine ndani ya baka hafifu unaona baka jingine zito lenye mpaka wake. Huo mpaka wa ndani ni dalili nzito, na ndipo pa kunyofoa. Vitundu vya tezi vilivyozungushiwa pete nene nyeupe navyo vihesabiwe upande wa ubaya.

Mishipa inasomwa vivyo hivyo. Ncha za mishipa midogo zikionekana moja moja ni vidoti. Zikizunguka visehemu vya utando na kuvigawa ni kama sakafu ya vigae. Vidoti vidogo vilivyopangana kwa usawa, vigae vidogo vinavyolingana, ni kasoro ndogo. Vidoti vikubwa vilivyoachana bila mpangilio, vigae vikubwa vya maumbo tofauti, ni kasoro kubwa. Lakini ukiona mshipa unaojinyonga kama kizibuo, unaokatika ghafla, unaopanuka na kusinyaa bila kugawanyika kwa utaratibu, uso wa shingo ukiwa umeinuka na kuvuja damu kwa kuguswa kidogo tu, hapo huzungumzii tena mabadiliko ya awali. Chukua kipande na umpe mama rufaa siku hiyohiyo. Usijaribu tiba yoyote ya kugandisha wala kuunguza.

Iodini huja mwisho kwa sababu rangi yake hufunika kila kitu. Ya Lugol hutengenezwa kwa gramu 10 za potasiamu iodaidi, gramu 5 za iodini na mililita 100 za maji yaliyosafishwa, na mfuatano una maana: iodini haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, basi potasiamu iodaidi itangulie kuyeyuka, ndipo fuwele za iodini ziongezwe kidogo kidogo huku ukitikisa. Ihifadhiwe kwenye chupa ya kahawia iliyofungwa kisawasawa. Seli bapa zilizokomaa zina glikojeni, aina ya wanga, iodini huishika na utando unakuwa kahawia iliyokolea karibu nyeusi. Seli zenye kasoro zimepungukiwa glikojeni, hubaki na manjano ya haradali. Faida yake kubwa ni kuchora kingo za ugonjwa, hasa unaoteleza kutoka kwenye shingo kwenda ukutani mwa uke, ambako siki pekee ingeweza kukupita. Kasoro yake ni kwamba utando wa ndani haushiki rangi, unaogeuka hushika nusunusu, na wa mama aliyekoma hedhi hushika kwa udhaifu. Asomaye manjano yote kuwa ugonjwa atanyofoa watu wasio na tatizo. Na mama apewe pedi, maana iodini haitoki kwenye nguo.

Ili macho mawili tofauti yaweze kukubaliana, yapo mizani ya alama. Unaoitwa Swede una vipengele vitano, kila kimoja kwa alama 0 hadi 2: weupe, kingo na uso, mishipa, ukubwa wa baka, na iodini. Jumla ni 10. Baka la chini ya milimita 5 halipati alama ya ukubwa. Likizidi milimita 15, au likienea robo tatu au nne za shingo, linapata 2. Jumla ya 0 hadi 4 huashiria kasoro ndogo au hakuna kasoro. 7 kwenda juu huashiria kasoro kubwa. Tunaupenda mzani huu kwa sababu humlazimisha mtu kutazama vitu vitano badala ya kimoja. Hata hivyo alama ni dira tu; haizibi nafasi ya maabara.

Tumefika kwenye koleo la kunyofolea kipande. Zamani mafunzo yalisisitiza kipande kimoja kutoka mahali pabaya kuliko pote. Ushahidi umeonyesha kwamba jicho hukosea kuchagua hapo pabaya, na vipande 2 hadi 4 kutoka kwenye maeneo tofauti yenye weupe hugundua ugonjwa mwingi zaidi. Anza na mdomo wa chini wa shingo ya kizazi. Ukianza juu, damu itateremka na kufunika sehemu inayofuata. Kipande kiwe na kina cha milimita 2 hadi 3, kishike utando pamoja na nyama iliyo chini yake, kwani bila nyama hiyo mpatholojia, daktari anayekisoma kipande maabara, hawezi kusema kama seli zimevuka kwenda chini. Hapa koleo butu ni adui mkubwa: linachana, utando unabanduka kama ganda la kitunguu, na maabara inajibu kwamba sampuli haitoshi. Mwambie mama akohoe, ufunge koleo akiwa anakohoa. Wengi hawasikii zaidi ya mfinyo. Kila kipande kiingie chupa yake yenye formalini, dawa ya kuhifadhia kipande, ya asilimia 10, ujazo walau mara 10 ya kipande, jina na mahali vimeandikwa kwenye chupa yenyewe. Kifuniko hubadilishwa, chupa haibadilishwi. Damu inasimamishwa kwa kubana na pamba, kisha dawa ya Monsel. Kwa eneo la aina ya 3 mfereji hukwanguliwa ili kupata seli zilizojificha, isipokuwa kwa mjamzito. Kwake hilo halifanywi, na kipande chenyewe huchukuliwa tu pale saratani inapohofiwa.

Nyumbani, tone la damu kwa siku chache ni kawaida, na uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa ni dawa ya Monsel inatoka. Atumie pedi, asiweke kitu ukeni wala asifanye tendo la ndoa hadi siku alizoambiwa ziishe, kwa kawaida siku chache hadi wiki. Arudi bila kusubiri tarehe kama pedi inaloa ndani ya saa moja, kama ana homa, au uchafu una harufu mbaya.

Maabara hutaja mabadiliko ya awali ya seli kwa jina CIN, daraja 1 hadi 3 kadiri yanavyozidi kuwa mabaya. Majibu ya CIN 1 mara nyingi huhitaji kufuatiliwa tu, kwa kuwa mwili huyafuta wenyewe mengi yake. CIN 2 na CIN 3 kwa kawaida hutibiwa, na CIN 3 isiyotibiwa kwa miongo mitatu hugeuka saratani kwa takribani wanawake 3 kati ya 10. Tiba ya kugandisha huenda dakika 3 za baridi, 5 za kuachia, 3 za baridi tena, na inafaa tu pale baka lote laonekana na kifaa chaweza kulifunika. Lililoingia kwenye mfereji linahitaji kukatwa kwa kitanzi cha waya wa umeme, kwa sababu ugonjwa usioonekana haugandishwi kwa kubahatisha.

Panapoleta utata ni pale majibu yanapopingana. Pap smia inasema kasoro kubwa, kolposkopia haioni kitu, kipande kimetoka safi. Kishawishi ni kuamini majibu mawili mazuri dhidi ya moja baya. Hatukubaliani nacho. Seli mbaya zilitoka mahali fulani, na kama eneo la mabadiliko ni aina ya 3, mahali hapo huenda ni ndani ya mfereji usioonekana. Pap smia isomwe upya, mfereji ukwanguliwe, na mara nyingi kukata kipande kikubwa kwa kitanzi ndiko kunakomaliza ubishi.

Yote haya yaandikwe. Ripoti iseme kama mpaka ulionekana wote, eneo ni aina gani, baka liko wapi na lina ukubwa gani, vipande vilitoka wapi. Mahali huelezwa kwa uso wa saa, juu ikiwa 12 na chini ikiwa 6, na hapa sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Mkono wa saa ukiwa kwenye 12 tunasema saa sita. Ukiwa kwenye 6 tunasema saa kumi na mbili. Daktari akitamka "baka liko saa sita" na muuguzi akaandika 6, ugonjwa umehamishwa kutoka mdomo wa juu wa shingo ya kizazi hadi mdomo wa chini, na atakayekuja kutibu atafuata karatasi. Chora duara, weka alama ya baka kwa kalamu, andika namba iliyo kwenye uso wa saa kwa tarakimu, na karibu yake ongeza neno moja: juu, chini, kulia kwake, kushoto kwake.